Manori ya Uingereza, shoeni ya Japani, gulti ya Ethiopia ama mailo ya Buganda: uchukue gani kwa projekti yako

Kila deti ya kupeleka mada kwa supavaisa ikikaribia napata meseji za aina moja, za wanafunzi wa historia kutoka Njoro, wengine Maseno, na walimu wawili watatu wa Kisumu wanaorudi kusoma wakati wa likizo. Wote wanataka kuandika kuhusu mashamba ya makabaila na wote wamekwama palepale: ya nchi gani? Kuna aliyeanza na Uingereza akaambiwa imechosha, akaruka Japani akakosa kitu cha kusoma kwa lugha anayoielewa, na saa hii amebakisha wiki tatu na hana hata kichwa cha kazi.

Sitakwambia moja ndiyo bora juu haipo. Nimeweka mifumo minne pamoja, manori, shoeni, gulti na mailo (hii ya mwisho ni ya Buganda, ndani ya Uganda), nikaiuliza maswali yaleyale, halafu mwishoni nitasema nani anafaa kuchukua ipi.

Lakini kwanza tuelewane neno. Watu wengi wa Nakuru ukiwatajia kabaila wanafikiria ile kasri ya Lord Egerton pale Ngata, na sioni ajabu, juu Maurice Egerton alikuwa baroni kabisa kutoka Cheshire, na hiyo nyumba ilianza kujengwa 1938 ikamalizika 1954. Ama wanafikiria Lord Delamere ambaye 1903 alipewa ekari 100,000 huko Njoro kwa lisi ya miaka 99. Hawa walikuwa masetla wenye vyeo vya kikabaila, ila shamba kubwa peke yake halitoshi kuita mtu kabaila. Ukabaila ni pale ambapo mwenye ardhi ndiye pia mwenye watu wanaoikalia, yaani anakula mazao yao ama siku zao, na mara nyingi anawahukumu pia. Ardhi na mamlaka vinakaa kwa mkono mmoja.

Maswali niliyotumia

Shosho yangu alizaliwa kwa shamba la mzungu, kati ya Njoro na Molo, babake akiwa skwota, yaani anakaa na kulima kwa shamba la setla na kulipia kwa kazi. Akisimulia utoto wake hatumii miaka, anahesabu siku: siku za mzungu na siku zetu. Siku za mzungu nyapara alipiga kengele kukiwa bado giza, siku zetu ndizo mamake alilima kale kashamba kao. Baadaye nilipoanza kusoma hizi mambo nikakuta sheria ya 1918 iliyomtaka skwota afanyie setla kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na nikaelewa kwa nini shosho anaongea hivyo. Tangu hapo nikisoma kuhusu kabaila yeyote nachelewa kuangalia nyumba yake, naanza na mwenye jembe.

Kwa hivyo maswali ni haya. Mwenye jembe alidaiwa nini, siku, mazao ama pesa? Akichoka angeweza kuondoka, na akionewa alishtaki wapi? Bwana mwenyewe alilipata wapi hilo shamba? Huo mfumo uliisha aje, kama uliisha? Na la mwisho, ambalo wanafunzi wanalisahau mpaka wakiwa wamechelewa: wewe ukiwa hapa Nakuru ama Kisumu utasoma nini, kwa lugha gani, na nauli yako inafika wapi?

Mwenye jembe alidaiwa nini

Manori ya Uingereza, yaani bwana, shamba lake na kijiji chake kama kitu kimoja, ndiyo imeandikwa vizuri kabisa hapa. Kijiji kilikuwa na shamba la bwana mwenyewe, halafu vipande virefu virefu vya watu vilivyotawanyika kwenye mashamba makubwa yasiyo na ua. Mtwana, yaani mkulima asiye huru, aliyekuwa na kama ekari 30 mara nyingi alidaiwa siku mbili ama tatu kila wiki kwa shamba la bwana, na wakati wa mavuno siku zingine juu ya hizo. Akitaka kuoza binti analipa. Akifa, bwana anachukua mnyama wake bora zaidi, unafiwa na mzee na ng'ombe wa maziwa anatoka zizini siku hizohizo. Ngano yake lazima isagwe kwa kinu cha bwana na bwana anakata yake. Sasa piga hesabu, siku tatu mara wiki 52 ni 156, bado hujaongeza za mavuno. Weka hiyo kando ya zile 180 za skwota wa Rift Valley. Ni kweli skwota alilipwa vishilingi na mtwana hakulipwa, kwa hivyo usiziweke sawa moja kwa moja, lakini hiyo hesabu peke yake inaweza kukupa sura nzima ya projekti.

Shoeni za Japani, yaani mashamba makubwa ya familia za vyeo na mahekalu, zilikula zaidi mazao kuliko siku. Mchele wa kila mwaka ndio ulikuwa mzigo mkuu, halafu vitu vya pale mahali, nguo, chumvi, mbao, na kazi pia ikiitishwa. Utamu wake, na pia ugumu wake, ni kwamba shamba moja halikuwa na bwana mmoja. Haki zilipangwa kama ngazi: mkulima ana yake, msimamizi wa pale kijijini ana yake, juu kuna familia kubwa ama hekalu, na juu ya hapo mlinzi mkubwa zaidi kule mjini, kila mmoja na fungu lake kwa mchele uleule. Hizo haki ziliitwa shiki na mtu angeweza kurithisha fungu lake ama kuligawa. Mwanafunzi akishaelewa shiki ameelewa nusu ya kazi.

Ethiopia kuna mbili ndani ya moja na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kaskazini mkulima alikuwa na risti, haki ya ardhi inayotoka kwa babu wa zamani, ya baba au ya mama, na hakuna bwana wa kuiuza. Gulti ilikuwa haki ya kukusanya kodi na huduma kutoka kwa hao watu wenye risti, mfalme aliwapa wakuu, wapiganaji na kanisa. Kwa hivyo ardhi yangu, jasho langu, lakini sehemu ya nafaka ni ya mwenye gulti, na siku za kumfanyia kazi zipo. Kusini ni hadithi nyingine. Baada ya majeshi ya mfalme Menelik II kuteka huko mwisho wa karne ya 19, askari walioitwa neftenya waligawiwa familia za wakulima wa kuwahudumia, hao wakulima wakaitwa gebari. Siyo kupewa ardhi tu, walipewa watu. Wengi wakaishia kuwa wapangaji kwa ardhi ya babu zao, wakitoa theluthi ama hata nusu ya mavuno. Ukiandika "ukabaila wa Ethiopia" bila kusema ni kaskazini ama kusini, supavaisa anayejua atakurudishia hiyo kazi.

Mailo, yaani ardhi waliyogawiwa wakubwa wa Buganda, ndiyo rahisi kushika juu ni pesa. Mkulima anakaa kwa kibanja, kipande chake ndani ya ardhi ya mwenye mailo, analipa busuulu ambayo ni kodi ya kukaa, na envujjo ambayo ni fungu la mazao. Pamba ilipoanza kuleta pesa wenye mailo wakapandisha envujjo, watu wakalalamika, hadi ikaja sheria ya 1927 kuweka kikomo: busuulu shilingi 10 kwa mwaka, na envujjo ya pamba ama kahawa shilingi 4 kwa ekari. Shilingi ikapoteza nguvu, kiwango kikabaki palepale, mwenye ardhi akawa na jina zaidi ya mapato.

Angeweza kuondoka? Na alishtaki wapi?

Mtwana wa manori alikuwa amefungwa na ardhi. Akitoroka akafika mji wenye haki zake na kukaa mwaka mmoja na siku moja bila kushikwa, miji mingi ilimhesabu huru. Akionewa, koti ilikuwa ya bwana mwenyewe, lakini usiidharau, juu iliamua kwa desturi ya kijiji na karani aliandika kila kitu, kwa hivyo hata bwana hakuamka tu asubuhi na kuongeza siku. Hayo maandishi yako hadi leo: nani alipigwa faini kwa kuacha ng'ombe kwa shamba la jirani, nani alitengeneza pombe mbaya, nani ameoza binti bila kulipa.

Japani wakulima walikuwa na njia ambayo imenishangaza, kijiji kizima kinaacha mashamba na kuondoka pamoja mpaka bwana akubali kuongea. Na walishtaki kwa maandishi. Kuna barua ya 1275 ya wakulima wa shoeni ya Ategawa, mkoa wa Kii, wamemwandikia mwenye shamba kumshtaki jito, yaani yule mtu wa serikali ya kijeshi aliyewekwa pale kusimamia. Ina vipengele 13, imeandikwa kwa herufi rahisi za katakana kama mtu anayeandika anavyoongea. Wanaeleza kwa nini mbao zimechelewa: jito anawalazimisha kupanda ngano, na amesema wasipopanda atawafungia wake zao, awakate masikio na pua. Nimesoma hiyo kitu mara nyingi na bado nakaa kimya nikimaliza. Miaka 750 na unamsikia mtu.

Ethiopia kaskazini mwenye risti alikuwa na pa kusimama, ardhi ilikuwa yake, ingawa hakimu mara nyingi ni yuleyule bwana wa gulti anayemdai. Gebari wa kusini alikuwa na njia chache sana. Wengine walihama usiku, na kuna kwingine walichukua silaha, vita vya Bale vya miaka ya 1960 ardhi na kodi ni kati ya sababu zake.

Buganda kuondoka kulikuwa desturi ya zamani. Mtu aliweza kumwacha chifu mbaya na kwenda kukaa chini ya mwingine, na chifu alipimwa kwa wingi wa watu wake, kwa hivyo alikuwa na sababu ya kuwabembeleza. Kahawa na migomba vilibadilisha hiyo hesabu kidogo, juu mti hauhamishwi. Leo mwenye kibanja ana sheria upande wake, marekebisho ya 2010 yanasema hawezi kufukuzwa isipokuwa kwa kutolipa kodi ya ardhi, tena kwa amri ya koti. Lakini kesi za kufukuzwa bado ziko mahakamani, na hapo ndipo mailo inatofautiana na hizi zingine zote, bado inatembea.

Bwana alilipata wapi shamba

Uingereza, William alivamia 1066, akawagawia wapiganaji wake, na mwisho wa 1085 akaamuru kila kitu kihesabiwe, kazi ikafanywa 1086: nani ana nini, plau ngapi, watwana wangapi, vinu vingapi. Hiyo ndiyo Domesday Book. Japani ilianza tofauti kabisa, sheria ya 743 iliruhusu atakayefungua ardhi mpya aimiliki moja kwa moja, mahekalu kama Todaiji na familia kama Fujiwara wakaingilia, na wadogo wakawakabidhi ardhi yao kwa jina ili wakwepe kodi ya serikali. Yaani kabaila hapo alikuwa kama mwavuli. Ethiopia nimeshasema, kaskazini ni zawadi ya mfalme, kusini ni vita.

Mailo ilizaliwa kwa kalamu. Mkataba wa tarehe 10 Machi 1900 kati ya Harry Johnston, kamishna wa Uingereza, na wasimamizi wa Kabaka (mfalme wa Buganda) Daudi Chwa aliyekuwa bado mtoto mdogo, Apolo Kagwa akiwa mbele yao, ulimpa Kabaka maili za mraba 350 na ukatenga maili 8,000 kwa machifu na wenye ardhi binafsi, jumla watu 1,000, ambao orodha ilipokamilika wakawa zaidi ya 3,000. Jina lenyewe mailo ni hiyo maili. Waliokuwa wanaigawa ndio waliokuwa wanajigawia, na wazee wa koo, Bataka, wakakuta makaburi ya babu zao yako ndani ya shamba la mtu mwingine. Malalamiko yao ya miaka ya 1920 ni sehemu tajiri sana ya kuandikia na watu wanaipita haraka.

Iliisha aje

Manori haikuanguka siku moja. Tauni ya 1348 ilimaliza labda theluthi ama nusu ya watu, waliobaki wakajua kazi yao ni ghali, serikali ikaleta sheria ya 1351 kuzuia mishahara isipande, na 1381 watu wakaandamana hadi London huku wakichoma rekodi za makoti ya manori. Fikiria hapo walichochoma: karatasi zinazosema baba yako ni mtwana. Baadaye siku za kazi zikageuka pesa polepole, na mabaki ya mwisho ya umiliki wa aina hiyo yakafutwa kisheria tarehe 1 Januari 1926. Shoeni ziliraruliwa na vita vya karne ya 15 na 16, kisha mtawala Hideyoshi akapima ardhi yote kuanzia 1582 na kumwandika mkulima mmoja kwa kila kipande, zile ngazi za shiki zikaisha.

Ethiopia iliisha kwa kishindo. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Addis Ababa waliandamana 1965 wakisema ardhi kwa mkulima, gulti ikafutwa kwa sheria 1966, mapinduzi yakaja 1974, na Machi 1975 serikali ya kijeshi ya Derg ikatangaza ardhi yote ya vijijini ni ya umma, familia isizidi hekta 10. Mwaka huohuo Idi Amin naye akatoa amri ya kugeuza mailo kuwa lisi ya serikali, ila Katiba ya 1995 ikairudisha. Nchi mbili majirani zetu, mwaka mmoja, matokeo tofauti. Kama unatafuta kichwa cha kulinganisha, hicho hapo nimekupa bure.

Wewe utasoma nini

Manori ina kila kitu kwa Kiingereza na mwingi uko bure kwa intaneti, rekodi za makoti zimetafsiriwa kutoka Kilatini. Shida ni kwamba imeandikwa sana, kusema jambo jipya ni kazi. Shoeni ina maandishi ya ajabu, ya hekalu la Toji peke yake ni zaidi ya 20,000 na yamewekwa mtandaoni, lakini ni Kijapani cha zamani na wewe utategemea tafsiri chache. Ethiopia ina utafiti mzuri kwa Kiingereza, na kina chake kiko kwa Kiamhari pale maktaba ya taasisi ya masomo ya Ethiopia, Sidist Kilo, ndani ya iliyokuwa ikulu ya Haile Selassie. Habari njema ni kwamba aliyekuwa na miaka 20 wakati wa mapinduzi bado anaweza kukusimulia, na Nairobi kuna wazee Waethiopia.

Mailo unapanda basi Kisumu jioni unaamka Kampala. Makerere kuna maktaba, na ukiwa Mluhya masikio yako yataokota maneno mengi ya Kiganda. Tahadhari tu, ardhi Uganda ni moto. Ukifika kijijini ukaanza kuuliza nani mwenye kibanja, watu watadhani umetumwa na mnunuzi. Nenda na barua ya chuo, pata kibali cha utafiti cha huko mapema, pitia kwa mwenyekiti wa LC (baraza la kijiji), na usiombe mtu akuonyeshe hati yake.

Sasa nani achukue gani

Ukiwa na wiki tatu na bando ya simu tu, chukua manori, lakini chukua kijiji kimoja na rekodi zake za koti, usiandike "Uingereza" yote. Mwalimu anayetaka kitu cha darasani pia aanze hapo, zile ekari 30 na siku tatu kwa wiki mtoto wa sekondari anazihesabu mwenyewe ubaoni.

Ukiwa unafanya masters na unapenda sheria na mikataba ya umiliki, shoeni itakulipa, hasa kama kuna mtu wa Kijapani wa kukusaidia. Bila huyo mtu soma ile barua ya Ategawa kwa tafsiri, uitumie kama mfano kwa kazi nyingine.

Ukivutiwa na mapinduzi na siasa za wanafunzi, ama unatoka upande wa Moyale na lugha za huko si geni kwako, Ethiopia ni yako. Chagua kusini ama kaskazini kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Mwenye miezi kadhaa, nauli ya kufika Kampala na moyo wa kukaa na watu aende mailo. Na kama uko Kisumu na Kiswahili ndicho kinakubeba, kuna jirani yake ambaye watu wa huku hawamtaji, nyarubanja, mfumo wa mashamba ya kikabaila wa Wahaya kule Bukoba, ng'ambo ya ziwa, ambayo Tanzania iliifuta kwa sheria za 1965 na 1968. Mahojiano yote unaweza kufanya kwa Kiswahili.

Halafu kuna yule ambaye babu yake ama shosho yake aliishi shamba la setla, Njoro, Molo, Solai, Subukia, Kitale, popote. Wewe chukua yoyote kati ya hizi, lakini weka kifungu kimoja cha skwota kando yake. Kabla hujaenda maktaba nenda nyumbani kwanza, beba sukari na majani, muulize siku za mzungu zilikuwa ngapi kwa wiki, posho ilipimwa na nini, na nyapara aliitwa nani. Washa rekoda ya simu ukiwa umemuomba ruhusa. Wangu ana miaka 91 na sasa anarudia majina mawili matatu tu, hayo mengine nilichelewa kuyaandika.